Upepo Mzuri wa Saa Nane

Katika kampuni nzima ya miwa, yenye wafanyakazi elfu mbili na ushee, mtu aliyelipwa kutazama hewa alikuwa mmoja tu. Wenzake walikata, walipakia, waliendesha matrekta, walichemsha, walijaza magunia. Yeye, kila siku ya msimu ilipogonga saa nane mchana, alitoka kwenye kibanda chake cha mbao kilichosimama juu ya mwinuko katikati ya mashamba, akainua uso kuutazama mfuko mwekundu wa kitambaa uliofungwa juu ya mlingoti, akaandika mstari mmoja kwenye daftari, kisha akashika redio ya mkononi na kutamka neno moja kati ya mawili: mzuri, au mbaya. Kazi imekwisha. Watu wakampachika jina la Bwana Upepo, likamganda, hata mkewe alimwita hivyo alipotaka kumtania. Siku hizi hakumtania sana, maana utani nao unataka pumzi.

Msiidharau kazi hiyo. Miwa kabla ya kukatwa huchomwa ikiwa imesimama shambani. Majani makavu yanateketea, nyoka wanatafuta pa kwenda, na mkataji anakuta mabua matupu ya kushughulika nayo. Shamba zima linawaka kwa muda wa mtu kunywa chai na kuosha kikombe. Moshi wake ni mweusi na mzito, na nyuma yake yanafuata masizi marefu membamba yanayotua juu ya paa, juu ya nguo zilizoanikwa, ndani ya ndoo za maji na kwenye vichwa vya watoto. Sasa kampuni, tusiisingizie, ilikuwa inajali sana afya za watu. Ilikuwa na kanuni kwamba hakuna kuwasha kiberiti kabla upepo haujapimwa. Kanuni hiyo iliandikwa kwa herufi kubwa, ikawekwa kwenye fremu ya kioo, na kila mgeni wa heshima alipigwa picha kando yake akitabasamu. Ni afya za watu gani, hilo halikuandikwa popote, pengine kwa kukosa nafasi kwenye kioo.

Jibu lilikuwa kwenye ramani. Ndani ya kibanda cha Bwana Upepo ilibandikwa ramani ya kampuni, nzuri ajabu, ya rangi. Kaskazini kulichorwa kilima chenye nyumba za wakubwa, nyumba moja moja, kila moja na miti yake na bustani yake. Katikati kulikuwa na kiwanda na ofisi. Kusini, baada ya shamba namba kumi na nne, palikuwa peupe, na juu ya weupe huo pameandikwa maneno mawili: eneo wazi. Kanuni ya upepo ilikuwa fupi. Upepo ukielekea kilimani, mbaya. Ukielekea kiwandani au ofisini, mbaya. Ukielekea eneo wazi, mzuri, choma.

Katika eneo hilo wazi waliishi watu wa kaya mia nne na kumi na mbili, wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo, kwenye safu za vyumba viwili viwili ambavyo kampuni ilivijenga yenyewe kwa matofali yake yenyewe. Aliyechora ramani huenda alikuja wakiwa kazini. Bwana Upepo aliishi safu ya nne, chumba cha mwisho, na alikuwa akitoka humo kila asubuhi kwenda kuitazama ramani inayosema kwamba humo hamna mtu. Miaka kumi na tisa alifanya hivyo bila wasiwasi wowote. Mtu akisoma karatasi moja kila siku kwa miaka kumi na tisa, anaanza kuiamini kuliko macho yake, na yeye alikuwa msomaji mzuri.

Wala hakuwahi kuuonja moshi wenyewe. Mpima upepo husimama unakotoka upepo, hasimami unakokwenda. Saa ambayo moto ulikuwa unapigwa, yeye alikuwa kibandani kwenye hewa safi, mgongo kaupa upepo, akijaza fomu. Aliporudi nyumbani jioni alikuta masizi yameshafagiliwa, nguo zimefuliwa mara ya pili, na mkewe ameketi kwenye kigoda mlangoni, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikipiga filimbi.

"Leo vipi, mama watoto?"

"Leo kimenibana kidogo."

Kidogo hiyo ilikuwa ya miaka sita sasa. Zahanati ya kampuni ililishughulikia jambo hilo kwa bidii isiyo na mfano. Tabibu, kijana mpole mwenye koti jeupe kuliko kitu chochote katika eneo lile, alimuuliza kama anapikia kuni. Anapikia gesi. Akamuuliza kama anavuta sigara. Mwanamke akamtazama tu. Basi tabibu akalaumu mto wa pamba, ukatupwa. Akamlaumu paka, paka akagawiwa kwa jirani. Akalaumu mafuta ya nywele, baadaye pazia, baadaye kuku wa safu ya tatu, na mwisho akalaumu mawazo, akamshauri mgonjwa asiwaze. Kitu pekee ambacho hakukilaumu kilikuwa kile kilichokuwa kikipita nje ya dirisha lake wakati anaandika, kikimlazimisha kila baada ya maneno mawili kupuliza karatasi ili asome alichoandika.

Wiki moja mambo yakaharibika. Jumatatu moto ulipigwa saa tisa, na kufika saa kumi na moja mama alikuwa hawezi kumaliza neno. Midomo ilibadilika rangi. Majirani wakambeba kwenye gari la kupakia mbolea hadi hospitali kubwa, akawekewa hewa ya mtungi, akalala huko siku tatu. Daktari wa huko, mwanamama wa makamo asiye na muda wa kupoteza, hakuuliza habari za paka.

"Mnaishi karibu na mashamba ya miwa?" alimuuliza Bwana Upepo.

"Katikati, daktari. Nafanya kazi hapo."

"Wanachoma?"

"Kwa kufuata upepo, daktari," alijibu kwa fahari kidogo, kama mtu anayetajiwa ofisi yake. "Upepo unapimwa kwanza."

"Upepo haufuti moshi, baba. Unauhamisha tu. Ule moshi una chembe ndogo kuliko vumbi, hazizuiwi na pua wala koo, zinashuka mpaka chini kabisa kwenye mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu. Mtu mzima anakohoa, anajiona ana mafua yasiyoisha. Mwenye pumu kama mama huyu ndiyo hivi unavyomwona. Na moyo wake umeanza kuchoka kwa kupigania hewa." Akampa dawa ya kuvuta na karatasi ya maelezo. "Aandike kwenye daftari kila siku anayobanwa, tarehe na saa. Na akae mbali na moshi. Akirudishwa hapa kama alivyoletwa safari hii, mimi siahidi kitu."

Alhamisi wakarudi nyumbani. Kukaa mbali na moshi halikuwa jambo gumu hata kidogo, mtu alihitaji tu nyumba nyingine, kazi nyingine na maisha mengine.

Jumapili mchana, baada ya chakula, mama aliketi mezani kuandika kama alivyoagizwa. Alikuwa na daftari la mtoto wao aliyemaliza shule, kurasa za nyuma zikiwa bado tupu. Siku za wiki ile alizikumbuka. Za wiki zilizopita zilikuwa zinamchanganya. Akamwomba mumewe daftari lake la kazi, maana huyo hakuwahi kuruka tarehe hata moja tangu aajiriwe. Bwana Upepo akamsogezea, akarudi kwenye viatu vyake alivyokuwa anavipiga rangi.

Mama akafungua, akaweka kidole kwenye mstari. Akatazama daftari lake, akatazama la mumewe, akarudi kwenye lake.

"Tarehe tatu, umeandika mzuri," alisema. "Tarehe tatu ndiyo siku nilianguka bafuni. Tarehe tano, mzuri. Tarehe tano mama wa safu ya pili alinishika hapa mgongoni mpaka magharibi. Tarehe nane, mbaya. Tarehe nane nilifua, nikaenda sokoni. Tarehe kumi na moja, mzuri." Akavuta pumzi. "Na Jumatatu, siku ya gari la mbolea. Mzuri. Umepigia na mstari chini."

"Ulikuwa umetulia sana," Bwana Upepo alisema. "Hauyumbi. Upepo kama ule unapatikana mara chache."

"Hebu nielimishe. Mzuri maana yake nini?"

Akamweleza. Alieleza vizuri kabisa, kwa utaratibu, kama alivyowaeleza wageni wa heshima: kilima, kiwanda, ofisi, kisha eneo wazi. Alipofika kwenye eneo wazi sauti ilimpungukia, brashi ya viatu ikabaki hewani. Ndipo alipoliona jambo lenyewe, mtu mzima, baba wa watoto wanne, mtaalamu wa kampuni.

Mkewe hakupandisha sauti. Asingeweza hata kama angetaka.

"Miaka sita naomba Mungu anigeuzie upepo," alisema. "Kumbe mwenye upepo nalala naye kitanda kimoja."

Alijaribu kujitetea. Alisema yeye hachomi, anapima tu. Alisema asingekuwa yeye angekuwa mwingine. Alisema upepo hauamuliwi na mtu. Yote yalikuwa kweli, na yote yalinuka. Aliona haya kiasi kwamba alimaliza kupiga rangi kiatu kimoja tu, kingine akakiacha hivyohivyo, akaenda kukaa nje.

Jumatatu ratiba ilionyesha shamba namba kumi na nne, lile linalopakana na makazi yenyewe, ambalo bua lake la mwisho unaweza kuligusa kwa mkono ukiwa umesimama kwenye mlango wa choo cha safu ya sita. Saa nane ilipofika, Bwana Upepo alitoka kibandani, akatazama juu. Mfuko mwekundu ulikuwa umenyooka barabara, mdomo kaskazini, mkia kusini. Upepo wa kuandikia mstari chini. Akashika redio.

"Mbaya," alisema.

Upande wa pili alikuwepo msimamizi wa wachomaji, mtu wa safu ya kwanza, aliyeitwa Kiberiti na watu wote isipokuwa mama yake. "Rudia hapo, Bwana Upepo."

"Upepo mbaya. Unaelekea kwenye makazi."

"Makazi yapi? Kilimani?" Kiberiti alishtuka kweli.

"Makazi yetu. Yako na yangu."

"Ah, umenitia presha bure," Kiberiti alisema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi ni mzuri huo."

"Nimesema mbaya. Nimeandika mbaya. Hakuna kuchoma."

Haikupita nusu saa, gari la meneja lilipanda mwinuko, vioo vimefungwa, ubaridi ukivuma ndani. Meneja hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti laini, ambaye kila mwaka aliwapa wachomaji paketi za maziwa ya kusafisha vifua na kuamini kwa moyo wake wote kwamba maziwa hupita kwenye mapafu. Aliingia kibandani, akamwamkia, akamuuliza hali ya mama, akaweka kidole kwenye ramani.

"Mzee wangu, hapa pameandikwaje?"

"Eneo wazi."

"Na upepo ukielekea eneo wazi?"

"Meneja, mke wangu yuko kwenye hilo eneo wazi. Ametoka hospitali Alhamisi."

"Pole sana. Pole kabisa." Meneja alimaanisha. "Mwambie afunge madirisha."

"Madirisha yetu ni wavu wa waya, meneja. Yalijengwa hivyo."

Meneja akatoa kitabu kidogo mfukoni, akaandika jambo hilo, na bila shaka limeandikwa humo hadi leo. Kisha akamweleza, kwa upole uleule, kwamba miwa ikichelewa inapoteza utamu, kwamba kiwanda hakiwezi kusubiri, na kwamba mtu aliyechoka anahitaji kupumzika, hivyo aende nyumbani apumzike mpaka atakapoitwa. Akachukua redio, akamkabidhi dereva wake. Dereva alitoa kichwa nje ya mlango wa kibanda, akatazama juu kwa muda wa kupiga chafya, akasema mzuri. Utaalamu wa miaka kumi na tisa ukawa umepata mrithi.

Bwana Upepo alijua ratiba kama anavyojua mfuko wake. Magari ya maji yangepangwa kwanza, kisha watu wangehesabiwa, kisha moto. Alikuwa na dakika arobaini. Akapanda baiskeli, akateremka akikanyaga kama mwendawazimu, akamkuta mkewe sebuleni.

Hapo ndipo alipoona kwa macho yake jinsi saa tisa inavyoandaliwa katika nyumba yake. Mashuka mawili yalikuwa yamelowekwa kwenye beseni na moja limeshatundikwa kwenye wavu wa dirisha, likichuruzika. Sufuria zimefunikwa. Vitambaa vimesokomezwa chini ya mlango wa nyuma. Kigoda kimewekwa kwenye kona ambayo, kwa majaribio ya miaka sita, mkewe aligundua moshi huchelewa kidogo kuifikia, na dawa ya kuvuta iko juu ya kigoda. Mama alikuwa ameshika shuka la pili, akipumzika katikati ya kulikamua. Bwana Upepo alisimama mlangoni akajisikia vibaya kuliko siku nyingine yoyote maishani mwake.

"Umefuata nini huku saa hizi?" mkewe aliuliza.

"Nimemwaga unga kazini. Acha hilo shuka. Twende."

"Wapi?"

"Kilimani."

"Tumealikwa?"

"Hapana."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda wake. Kilipomwachia, aliingia chumbani akatoka amevaa viatu vya kutokea, kwa sababu hata kama mtu hakualikwa, kule ni kwa watu. Akapakiwa nyuma ya baiskeli. Kwenye tambarare mumewe alikanyaga, mlima ulipoanza akashuka akasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma ya kiuno cha mkewe. Harufu ya majivu ya zamani iliwafuata mpaka katikati ya mlima, nyembamba, kisha ikakatika. Juu zaidi haikuwepo kabisa. Majani ya miti ya barabarani yalikuwa ya kijani kweli, jambo ambalo mama alilishangaa kwa sauti.

Getini palikuwa na mlinzi, mtu wa safu ya tatu, sare imepigwa pasi.

"Bwana Upepo, shikamoo. Mama, shikamoo. Mnamtafuta nani?"

"Marahaba. Hatumtafuti mtu," Bwana Upepo alisema akihema. "Tumekuja kupumua."

Mlinzi alitabasamu akidhani ni utani, akaona si utani, akaacha. "Mzee, hapa haruhusiwi mtu bila miadi. Mtanifukuzisha kazi."

"Tutakaa kwenye lile benchi tu. Hatutagusa kitu."

Nyuma yao kukatokea ngurumo, ile sauti ya majani makavu yakishika moto yote kwa pamoja. Wakageuka wote watatu. Moshi wa namba kumi na nne ulipanda mweusi, ukasita kidogo, ukainama kwa adabu kuelekea kusini, ukajilaza juu ya mapaa. Safu ya sita ikapotea kwanza. Kisha ya tano. Kutoka pale juu ilikuwa mandhari nzuri, na miti ya kilimani haikutikisika.

"Huwa nautazama kila siku," mlinzi alisema polepole. "Sijui kwa nini leo ni kama naona kitu kingine."

"Binti yako yule wa mwisho," mama alimuuliza, akivuta maneno mojamoja, "kile kifua chake kinaendeleaje?"

Safu ya tatu nayo ilikuwa inafunikwa. Mlinzi alitazama kwenye nyumba ya meneja, akatazama chini, kisha akasukuma geti likafunguka, akatoa simu mfukoni, akawapa mgongo.

"Mchukue mtoto mje huku juu," walimsikia akisema. "Sasa hivi. Ndiyo, getini kwangu. Wagongee na hao wa jirani, waambie mimi ndiye nimesema." Akasikiliza. "Kazi tutatafuta nyingine. Njooni."

Benchi lilikuwa chini ya mti wa kivuli, limepakwa rangi nyeupe, na halikuwa na dalili ya kukaliwa na mtu. Bwana Upepo alimketisha mkewe, akakaa kando yake, akasikiliza. Alikuwa anasikiliza ile filimbi. Ilikuwepo, kisha ikawa inakuja na kukatika, kisha mabega yakatulia, na mama akavuta pumzi moja ndefu mpaka chini, ya kwanza kwa wiki nzima. Machozi yalimtoka Bwana Upepo, hakuyafuta. Chini kule, kwenye barabara ya kilimani, watu walikuwa wameanza kutokea kwenye ukingo wa moshi, wanawake wamebeba watoto mgongoni, mzee mmoja anashikiwa mkono.

"Umeniudhi sana, nitakaa na hasira muda mrefu," mama alisema. "Ujue hilo."

"Najua."

Alipumua tena, na tena, akionja. "Kesho wanachoma namba ngapi?"

"Kumi na tano. Na upepo utakuwa huuhuu."

Mama aliwatazama wale watu wanavyozidi kupanda, akawahesabu kwa macho, akajisogeza kumpisha mtoto wa mlinzi aliyekuwa anafikishwa.

"Basi kesho tuje mapema," alisema, "kabla benchi halijajaa."